Kuchagua programu ya kuiga miamba: RS2, FLAC3D, UDEC, PFC na zile za bure

Kabla ya kufungua tovuti ya muuzaji yeyote, piga hesabu mbili. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Ya kwanza: chukua upana wa shimo unalotaka kuchimba, ugawanye kwa umbali wa wastani kati ya nyufa za asili za mwamba. Handaki la mita 5 kwenye mwamba wenye nyufa kila sentimita 20 lina vipande 25 kwenye upana wake. Hapo unaweza kuuchukua mwamba kama kitu kimoja kilichodhoofika, ukapunguza nguvu yake kwa kutumia GSI, alama ya ubora wa mwamba inayotolewa kwa kuangalia nyufa zake. Nyufa zikiwa kila mita 2, juu ya paa kuna vipande viwili au vitatu tu, na usalama unategemea kama kimojawapo kitateleza. Programu inayouona mwamba kama kitu kimoja itakuchorea picha yenye rangi za kupendeza ambayo haihusiani na kitakachotokea.

Ya pili: kadiria mkazo mkubwa kabisa kwenye ukuta wa shimo, ugawanye kwa nguvu ya mgandamizo ya sampuli. Mkazo wa wima ni takriban MPa 0.027 kwa kila mita ya kina, kwa hiyo kwenye mita 1,000 ni MPa 27. Tuseme mkazo wa mlalo ni mara 1.5 ya huo, yaani MPa 40.5. Kwa shimo la duara, mlinganyo wa Kirsch wa mwaka 1898 unasema paa na sakafu vitabeba 3 × 40.5 − 27 = MPa 94.5. Sampuli zikivunjika kwa MPa 150, uwiano ni 0.63. Martin, Kaiser na McCreath walikusanya mifano ya mahandaki ya miamba migumu mwaka 1999, wakaonyesha kwamba ukuta huanza kubanduka uwiano ukikaribia 0.4, na kwamba kina cha ubandukaji ni nusu-kipenyo × (1.25 × uwiano − 0.51), kwa kosa la takriban 0.1 ya nusu-kipenyo. Kwa handaki la kipenyo cha mita 5 unapata mita 0.7 hivi. Hilo ni jibu la kwanza, na hujalipia leseni. Programu yoyote utakayotumia baadaye, ikitoa jibu lililo mbali na hilo, inakudai maelezo.

Hesabu hizi mbili ndizo zinazochagua programu. Nyufa nyingi au hakuna kabisa: RS2, FLAC3D, PLAXIS na jamaa zao. Vipande vikubwa vinavyoweza kutoka: UDEC au 3DEC. Mwamba mzima unaopasuka na unataka kuona ufa ukizaliwa: PFC, YADE au zile zinazochanganya elementi na vipande.

Anza na nyepesi

Kazi nyingi zinazopelekwa kwenye programu kubwa zingeishia kwenye ndogo. Dips hupanga vipimo vya mwelekeo wa nyufa na kuonyesha makundi yake; Unwedge hutafuta kabari zinazoundwa na nyufa tatu kuzunguka shimo la chini ya ardhi; SWedge hutafuta kabari za kwenye mteremko; Slide2 hukokotoa usalama wa mteremko kwa usawa wa kikomo. Zote ni za Rocscience ya Toronto, na zote hutoa jibu ndani ya saa, mara nyingi ndani ya dakika.

Mipaka yake ijulikane. Unwedge huanza na kabari kubwa kuliko zote zinazowezekana kijiometria, kwa hiyo usipoipunguza kulingana na urefu halisi wa nyufa, utaweka bolti za kubeba kabari ambayo haipo. Slide2 haikuambii mwamba utasogea kiasi gani, kwa kuwa usawa wa kikomo hauna mgeuko ndani yake. Kama mteja anauliza milimita, ondoka hapo.

RS2 au FLAC3D

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu zote mbili zinaweza kufanya kazi ileile ya handaki au mteremko, na tofauti haionekani kwenye vipeperushi.

RS2, iliyokuwa ikiitwa Phase2, ni ya elementi finaiti za pande mbili: mwamba hugawanywa kuwa vipande vidogo vya hesabu (elementi) vinavyounganishwa kwenye nukta (nodi). Hukusanya milinganyo yote kwenye matriksi moja na kuitatua kwa kurudia hadi nguvu zisawazike. Unachora mpaka wa nje, shimo na tabaka, unajaza mkazo wa awali kwenye dirisha moja, unaweka hatua za uchimbaji, unabonyeza. Mhandisi anayejua mekanika ya miamba hupata matokeo yenye maana ndani ya siku mbili tatu. Kanuni ya Hoek-Brown, ya kukadiria nguvu ya mwamba wenye nyufa, imo, bolti na zege la kunyunyizia vimo, mtiririko wa maji umo, na kipimo cha usalama kwa kupunguza nguvu ya mwamba hatua kwa hatua nacho kimo.

FLAC3D ya Itasca haijengi matriksi kubwa. Kila zoni (kipande kidogo cha modeli) hukokotoa mkazo wake, kila nodi husogezwa kwa sheria ya Newton, na mfumo huenda kwa hatua ndogo ndogo za wakati hadi nguvu isiyosawazika ishuke chini ya kiwango, ambacho kwa kawaida ni uwiano wa 1e-5. Faida yake ni kwamba mwamba unaobomoka, unaolainika ghafla au unaosogea sana hauikwamishi. RS2 ikifika hapo husema tu kwamba haikupata suluhisho. FLAC3D huendelea na kukuonyesha unavyobomoka. Gharama yake ni muda. Kwa njia hii muda wa kukokotoa hukua takriban kwa idadi ya zoni kwa kipeo cha 4/3, kwa hiyo ukipunguza ukubwa wa zoni kwa nusu kila upande, zoni zinakuwa mara 8 na muda mara 16. Anayepanga modeli ya mgodi mzima aanze na wavu mkubwa, la sivyo atasubiri wiki kwa kosa la tahajia kwenye mstari wa tatu.

Kujifunza FLAC3D ni kujifunza amri. Dirisha la picha lipo, lakini kazi halisi hufanywa kwa faili za maandishi, lugha yake ya ndani iitwayo FISH, na Python. Mwezi mmoja ni makadirio ya haki kwa mtu asiyewahi kuandika msimbo. Kwa upande mwingine, faili hizo zinasomeka kwa kihariri chochote hata leseni ikiisha, na mtu mwingine anaweza kuzikagua mstari kwa mstari. Kwa utafiti hilo lina uzito mkubwa kuliko uzuri wa dirisha.

Makosa ya RS2 yanayojirudia:

Elementi za pembetatu zenye nodi tatu hukakamaa kupita kiasi mwamba unapozidiwa, zikaonyesha usalama usiokuwepo. Tumia za nodi sita. Lingine ni kuchimba handaki lote kwa hatua moja kisha kuweka bolti: bolti hazipati mzigo, maana mwamba umeshamaliza kusogea. Ukifanya kinyume, ukaziweka kabla ya kuchimba, zinabeba kila kitu na modeli inaonyesha zimekatika. Ukweli uko katikati. Kwenye uso wa uchimbaji, takriban theluthi moja au robo ya msogeo wote huwa imeshatokea, kwa hiyo punguza shinikizo la ndani ya shimo kidogo kidogo hadi kiwango hicho, weka bolti, kisha malizia kuliondoa. Modeli ya pande tatu huepuka mzunguko huo wote, na hiyo ni sababu halali ya kuhamia FLAC3D au RS3, ndugu ya RS2 wa pande tatu.

Makosa ya FLAC3D ni ya aina nyingine. Ukifuta zoni za shimo mara moja, modeli hupata mshtuko kama wa mlipuko: mkazo huruka juu kuliko utakavyotulia, na zoni za ukutani zinazidiwa kwa sababu ya mshtuko huo tu. Amri ya `zone relax excavate` huondoa zoni polepole. Itumie kila penye mwamba unaoweza kulainika. Kosa la pili ni kuangalia uwiano wa nguvu peke yake. Fuatilia pia msogeo wa nodi moja ya paa: kama mchoro wake bado unapanda wakati uwiano umeshafika 1e-5, modeli haijatulia.

Mfano mmoja unaonyesha kwamba jina la programu mara nyingi si jambo la kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye maabara ya chini ya ardhi ya AECL, shirika la nishati ya atomiki la Kanada, huko Manitoba, kulichimbwa handaki la majaribio la kipenyo cha mita 3.5 kwenye kina cha mita 420, ndani ya graniti isiyo na nyufa, bila baruti. Mkazo mkubwa ulikuwa karibu MPa 60 na mdogo karibu MPa 11, kwa hiyo Kirsch anatoa MPa 169 ukutani. Sampuli zilivunjika kwa zaidi ya MPa 200, lakini paa na sakafu vilibanduka na kufanya mfereji wenye ncha ya V. Iga hilo kwa kanuni ya kawaida ya Mohr-Coulomb, mshikamano na msuguano vikifanya kazi pamoja tangu mwanzo, na programu yoyote ile itakosea umbo: itatoa eneo pana lisilo na kina, au halitatokea kabisa. Ukiacha mshikamano upotee kwanza na msuguano uingie baadaye, ncha inatokea. Kwenye FLAC hilo hufanywa kwa majedwali mawili, la mshikamano na la msuguano, dhidi ya mgeuko wa kudumu. Kwenye RS2 hufanywa kwa kutoa vigezo vya kilele na vya mabaki, ambapo mabadiliko hutokea papo hapo. Majedwali yana uhuru zaidi, ila jibu hutegemea ukubwa wa zoni, kwa sababu mgeuko wote hujikusanya kwenye safu moja ya zoni. Panga ukubwa wa zoni kwanza, rekebisha majedwali kwa ukubwa huo, kisha usiuguse tena.

Pembeni kidogo: kigezo D

Wakati mwingi unapotea kubishania programu huku kigezo kimoja kinabadilisha jibu kuliko zote. Chukua GSI 45, mi (kigezo cha aina ya jiwe) 10, sampuli ya MPa 80. Kwa D = 0, kanuni ya Hoek-Brown ya 2002 inatoa mb (mi iliyopunguzwa kwa ajili ya nyufa) ya 1.40 na nguvu ya mgandamizo ya mwamba pamoja na nyufa zake ya MPa 3.6. Kwa D = 1, mb inashuka hadi 0.20 na nguvu hadi MPa 0.76. Karibu mara tano, na hakuna elementi iliyobadilishwa. D inawakilisha uharibifu wa baruti na kulegea kwa mwamba uliochimbwa, kwa hiyo inafaa ukanda wa karibu na uso uliolipuliwa. Kuiweka kwenye modeli nzima, hadi mita 200 ndani ya mteremko, ni kosa linaloonekana kwenye ripoti nyingi mno.

PLAXIS, Abaqus, COMSOL

PLAXIS ilizaliwa Delft kwa ajili ya udongo, na hapo bado haina mpinzani wa karibu. Kwa miamba ina Hoek-Brown na modeli ya mwamba wenye nyufa za mwelekeo mmoja hadi mitatu. Ifaavyo zaidi ni pale mwamba na udongo vinapokutana: msingi wa bwawa, handaki linalotoka kwenye mwamba na kuingia udongo mlaini. Elementi zake za pande mbili zina nodi 15, kwa hiyo tatizo la kukakamaa halipo.

Abaqus ni chaguo la mtu ambaye tayari ana leseni ya chuo au kampuni na anajua kuandika UMAT, yaani msimbo wa tabia ya mwamba anaouandika mtumiaji, kwa Fortran. Hoek-Brown haimo. Utafanya ulinganifu na Mohr-Coulomb kwa kipande cha mkazo unaokuhusu, na kipande hicho kikichaguliwa vibaya, mshikamano unaweza kuwa maradufu ya unaostahili. Kumbuka kuwasha matriksi isiyo na ulinganifu pale pembe ya kutanuka inapotofautiana na ya msuguano. Ukisahau, kukokotoa kunakwama bila sababu inayoeleweka kwenye faili ya ujumbe. Mtego mwingine ni mkazo wa awali: ukiweka uzito tu na mipaka ya pembeni isiyosogea, mkazo wa mlalo utakuwa ν/(1−ν) ya wima, ν ikiwa uwiano wa Poisson. Kwa ν ya 0.25 hiyo ni theluthi moja, wakati vipimo vya miamba ya karibu na uso mara nyingi huonyesha mkazo wa mlalo ukizidi wa wima. Handaki lililoigwa hivyo litavunjika pembeni badala ya paani.

COMSOL inafaa pale joto, maji na mgeuko vinapoathiriana na unataka kuandika milinganyo yako mwenyewe. Moduli yake ya jiomekanika, ambayo ina Hoek-Brown, ni nyongeza inayolipiwa juu ya moduli ya miundo. Hesabu gharama zote mbili kabla ya kulinganisha.

UDEC na 3DEC

Msingi wake ni mbinu ya vipande tofauti ambayo Peter Cundall aliitangaza mwaka 1971: mwamba ni vipande vinavyogusana, na kila mguso una ukakamavu wa kusukuma, ukakamavu wa kuteleza, msuguano na mshikamano. Vipande vinaweza kuachana kabisa, kuzunguka na kugusa vipande vipya. RS2 nayo huruhusu kuchora mtandao wa nyufa, na kwa misogeo midogo hutosha. Kipande kinapotakiwa kudondoka, haiwezi.

Kinachosumbua ni ukakamavu wa nyufa. Watu huona thamani kubwa ni salama, wakaandika 1e13, kisha wanashangaa hatua ya wakati imekuwa ndogo kiasi kwamba modeli haiishi. Mwongozo wa Itasca unatoa kikomo kizuri: usizidi mara 10 ya (K + 4G/3) kugawanya kwa upana wa zoni ndogo inayopakana na ufa, K na G zikiwa ukakamavu wa mwamba wa kubanwa na wa kukatwa. Kwa K ya GPa 20, G ya GPa 12 na zoni ya mita 0.5, hiyo ni 10 × 36 ÷ 0.5 = GPa 720 kwa mita. Zaidi ya hapo hupati usahihi wowote, unalipia muda tu. Ukiweka ndogo mno, vipande vinaingiliana na programu inasimama ikilalamika kwamba vimeingiliana kupita kiasi.

La pili ni vipande vya ukubwa wa kucha. Mtandao wa nyufa uliozalishwa kinasibu huacha pembe kali za sentimita chache, na kipande kimoja cha aina hiyo huamua hatua ya wakati ya modeli nzima. Futa au unganisha nyufa zinazoviunda kabla ya kugawa zoni. Kwenye UDEC angalia pia uviringo wa pembe. Kama asilimia 1 ya urefu wa kawaida wa upande wa kipande ni mwanzo mzuri.

Maji kwenye UDEC hupita kwenye nyufa tu. Vipande vyenyewe havipitishi. Kwa graniti hilo ni sawa. Kwa mchanga uliogeuka jiwe wenye vinyweleo si sawa, na hapo ni bora RS2, FLAC3D au OpenGeoSys.

Chagua UDEC badala ya 3DEC pale tu nyufa kuu zinapokwenda sambamba na handaki. Makundi matatu ya nyufa yaliyopinda kuelekea pande tofauti hayana sura ya kweli kwenye karatasi ya pande mbili, hata uyachore kwa uangalifu namna gani.

PFC, YADE na zinazochanganya

PFC hujenga mwamba kwa mipira midogo iliyounganishwa. Ufa haupangwi mapema. Huzaliwa miunganisho inapokatika. Kwa kueleza kwa nini mwamba hupasuka, hakuna kinachovutia zaidi. Kwa kubuni nguzo ya mgodi, fikiria mara mbili.

Tatizo la kwanza ni kwamba ukakamavu na nguvu za miunganisho si vipimo vya maabara. Unazitafuta kwa kuiga jaribio la mgandamizo, jaribio la kuvuta na la mgandamizo wenye shinikizo la pembeni, ukirekebisha hadi modeli ifanane na sampuli. Ukilinganisha na jaribio la mgandamizo peke yake, seti nyingi za vigezo zitafaa, na zitatofautiana kabisa penye mvuto. Miunganisho ya kawaida ya sambamba hutoa nguvu ya kuvuta iliyo kubwa mno, hata robo ya nguvu ya mgandamizo, wakati graniti halisi huwa karibu na sehemu ya 20. Miunganisho ya uso bapa hurekebisha sehemu kubwa ya kasoro hiyo, anza nayo.

La pili ni idadi. Sampuli ya milimita 50 kwa 100 yenye mipira ya nusu-kipenyo cha milimita 1 inahitaji mipira kama 29,000. Punguza hadi milimita 0.5 na unapata karibu 230,000, huku hatua ya wakati ikipungua kwa nusu, kwa hiyo kazi inakuwa mara 16. Handaki zima kwa chembe za ukubwa wa punje za graniti haliwezekani. Wanaolifanya hutumia mipira ya sentimita kadhaa, na hapo kalibresheni inabidi irudiwe kwa ukubwa huo.

YADE ni ya bure, hukaa vizuri kwenye Linux na huendeshwa kwa Python. Kwa tasnifu ya uzamili kuhusu chembe zilizounganishwa inatosha kabisa. Unachokosa ni mwongozo uliokamilika na mtu wa kumpigia.

ELFEN na Irazu huchanganya elementi na vipande: mwamba huanza kama elementi, na nyufa hufunguka kati yake. Hutoa vipande vyenye umbo la kuaminika kuliko mipira, lakini nyufa hufuata pande za elementi, kwa hiyo wavu uliopangika kama matofali utatoa mwamba unaopasuka kama matofali. Tumia pembetatu zisizo na mpangilio.

Zile za bure

OpenGeoSys ni chaguo zito kwa joto, maji na mgeuko kwa pamoja, hasa utafiti wa hifadhi ya taka za nyuklia na jotoardhi. Code_Aster ya EDF, shirika la umeme la Ufaransa, ina kanuni ya Hoek-Brown na uunganishaji wa maji na joto, ila ujumbe wake wa makosa na sehemu ya nyaraka zake humhitaji msomaji wa Kifaransa. Wavu hutengenezwa kwa Gmsh au Salome, matokeo hutazamwa kwa ParaView.

Bure yake iko kwenye leseni. Bolti, hatua za uchimbaji na zege la kunyunyizia, ambavyo kwenye RS2 ni vibonyezo vitatu, huku ni msimbo unaouandika na kuuthibitisha mwenyewe. Mwanafunzi mwenye miaka mitatu mbele yake achukue njia hii bila wasiwasi. Ofisi inayotakiwa kutoa ripoti baada ya wiki mbili isiijaribu. Na kabla ya kukata tamaa na zile za kulipia, wanafunzi wa uzamili waulize: Itasca na Rocscience zote zina mipango ya masomo inayotoa programu kwa vyuo au watafiti wanafunzi.

Alama na vipimo

Makosa mengi ya kuhamisha modeli kutoka programu moja hadi nyingine yako kwenye jedwali hili.

| Programu | Mgandamizo | Vipimo vya kawaida |
|---|---|---|
| RS2 | chanya | MPa, MN/m³ (mwamba: 0.027) |
| FLAC3D, UDEC, 3DEC | hasi | Pa, kg/m³ (mwamba: 2,700) |
| PLAXIS | hasi | kN/m², kN/m³ (mwamba: 27) |
| Abaqus | hasi | haina. Unachagua mwenyewe |
| COMSOL, OpenGeoSys | hasi | SI |

Kwenye programu ambazo mgandamizo ni hasi, mkazo mkuu "mdogo" kihesabu ndio wenye mgandamizo mkubwa kuliko yote. Anayetafuta MPa 94.5 kwenye mchoro wa mkazo mkubwa ataona sifuri ukutani na kudhani modeli imeharibika.

Jaribio la kufanya kabla ya kulipa

Omba leseni ya majaribio na ujenge shimo la duara: nusu-kipenyo mita 2.5, mkazo MPa 10 pande zote, E (ukakamavu wa mwamba) ya MPa 10,000, ν 0.25, mwamba usiozidiwa. Weka mkazo wa awali kwanza, futa misogeo, kisha chimba. Ukuta unatakiwa kuingia ndani kwa pR(1+ν)/E, yaani milimita 3.125.

Ukipata 4.69, umechimba kwanza na kupakia mkazo baadaye. Tofauti ya 1.56 ni mgeuko wa mwamba ambao ulitokea mamilioni ya miaka kabla ya mtu kushika nyundo. Ukipata karibu 2.78, mpaka wako wa nje umefungwa usisogee na uko mara 5 tu ya nusu-kipenyo: kosa la asilimia 11. Uhamishe hadi mara 10 na utapata 3.03, mara 20, 3.10. Mpaka wenye mkazo uliowekwa badala ya kufungwa hukosea upande wa pili: kwa mara 5 hutoa 3.32. Endesha modeli zote mbili na ukweli utakuwa kati yake, njia ya haraka kuliko kupanua wavu. Thamani hizi ni za mpaka wa nje wa duara. Wa mraba hutofautiana kidogo.

Kwa mkazo, jibu ukutani ni MPa 20, lakini zoni ya FLAC3D huripoti mkazo wa katikati yake. Zoni ya sentimita 25 itasoma karibu 19.1, na hiyo ni sahihi kwa mahali hapo. Ikisoma 17, zoni zako ni kubwa mno au zimekaa vibaya kuzunguka shimo.

Likipita, rudia kwa mwamba unaozidiwa, kisha kwa nyufa ulizopima kwenye eneo lako, na upime muda wa kila jaribio kwenye kompyuta utakayotumia, si kwenye ile ya muuzaji.